Fyueli seli ya hidrojeni au betri ya kuchaji? Jaribu na penseli mbili alafu piga hesabu ya volti

Watu wengi wanaofuatilia mambo ya sola na magari ya umeme wanaamini hidrojeni ndo itakuja kuzistaafisha betri (fyueli seli ni kifaa kinachoigeuza hidrojeni kuwa umeme), manake tangi linajaa kwa dakika tano, moshi hakuna, na kinachotoka nyuma ya gari ni maji tu. Mi nashauri kabla hujakubali wala kukataa, chukua mita upime volti. Ukishajua umeme unaingia kwa volti ngapi na unatoka kwa volti ngapi, mengi yaliyobaki unayajibu mwenyewe bila kusubiri kampuni ikuambie. Na uzuri ni kwamba hilo linafanyika mezani kwako kwa vitu vya dukani, kwa hiyo tuanze na mikono kwanza, nadharia itafuata.

Unachohitaji

Penseli mbili (HB zinafaa, ukipata 2B ni nzuri zaidi kwa sababu zina grafaiti nyingi, ile nyeusi ya katikati inayoandika), glasi ya maji, kijiko cha chai cha bekingi soda, kipande cha boksi gumu, betri ya volti 9 ile ya mraba, nyaya mbili zenye klipu, na maltimita hata ile ya bei rahisi kabisa ya mafundi.

Sasa hapo kwenye viambato uwe makini kweli. Ni bekingi soda, sio bekingi pauda, na usiweke chumvi ya mezani hata kama umeona mtu kwenye video anaweka, manake ukiweka chumvi upande wa chanya unaanza kutoa klorini ambayo ni gesi ya sumu. Usitumie pia vijiko vya stenlesi badala ya penseli, kuna kromiamu ndani yake inaweza kuyeyukia kwenye maji ikawa ya aina mbaya sana kwa afya. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwenye jaribio hili, volti 9 zinatosha. Na fanyia sehemu yenye hewa, dirisha wazi, wala usijaribu kukusanya gesi kwenye chupa iliyofungwa.

Namna ya kufanya

Chonga penseli zote pande zote mbili mpaka grafaiti itokeze. Koroga bekingi soda kwenye maji mpaka iyeyuke. Toboa boksi matundu mawili, pitisha penseli, liweke juu ya glasi ili ncha za chini zizame kwenye maji bila kugusana, na ncha za juu ndo unabana klipu. Unganisha betri.

Ndani ya sekunde chache mapovu yanaanza. Angalia vizuri, penseli iliyoungwa kwenye hasi inatoa mapovu mengi kuliko ile ya chanya, kwa sababu maji ni hidrojeni mbili kwa oksijeni moja, na hidrojeni ndo inatokea upande wa hasi. Ukiona maji yanapata vumbi jeusi usishtuke, ni kaboni ya upande wa chanya inaliwa na oksijeni kidogo kidogo.

Acha iende dakika mbili hivi, alafu chomoa betri kabisa na hapo hapo weka mita kwenye penseli zile zile. Mita inasoma volti! Betri haipo tena na bado kuna umeme, mwanzoni unaweza kukuta volti moja na nusu au zaidi, alafu zinashuka taratibu. Ile hidrojeni iliyonata kwenye penseli moja na oksijeni iliyonata kwenye nyingine zinarudiana kuwa maji, na katika kurudiana zinasukuma elektroni (chembe ndogo mno zinazobeba umeme) kupitia waya wako. Penseli yenye hidrojeni ndo inabaki hasi. Zitikise penseli mapovu yatoke uone volti zinavyoporomoka haraka, ndo uthibitisho kwamba mafuta yako yalikuwa yale mapovu. Kama unataka kuwasha taa nyekundu ya LED, glasi moja ni ngumu, unganisha mbili au tatu kwa mfululizo, na hata hapo itawaka hafifu kwa muda mfupi tu kwa sababu grafaiti ni kichocheo dhaifu, yaani haiharakishi sana huko kurudiana.

Hii ndo fyueli seli. William Grove wa Wales, ambaye alikuwa mwanasheria na mwanasayansi kwa pamoja, alilionyesha jambo hili mwaka 1839 akitumia platinamu na asidi ya salfuriki badala ya penseli na bekingi soda.

Ile ya kweli inafanyaje kazi

Kwenye gari au mtambo, badala ya glasi kuna utando mwembamba wa plastiki maalumu (maarufu zaidi ni Nafion, iliyobuniwa na kampuni ya DuPont miaka ya 1960) uliobanwa katikati ya tabaka mbili zenye chembechembe za platinamu. Upande mmoja unapuliza hidrojeni, upande wa pili hewa ya kawaida. Platinamu inaipasua hidrojeni kuwa protoni (kiini chake chenye chaji chanya) na elektroni, protoni zinapenya kwenye utando, elektroni utando unazikatalia kwa hiyo zinalazimika kuzunguka kupitia waya, na huko kwenye waya ndo zinazungusha mota yako, alafu zinakutana tena na protoni pamoja na oksijeni upande wa pili na maji yanatengenezwa. Hakuna kinachoungua, hakuna pistoni.

Seli moja ikiwa na mzigo inatoa kama volti 0.65 hadi 0.7 tu, ndo maana zinapangwa nyingi kwa mfululizo, Toyota Mirai ya toleo la pili ina seli 330. Kwa hiyo fyueli seli ni kama jenereta isiyo na injini, yenyewe haihifadhi kitu, inafanya kazi maadamu unailisha, na hifadhi yako ni tangi. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza seli, ukitaka muda mrefu zaidi unaongeza tangi. Kwenye betri vitu hivyo viwili vimefungwa pamoja ndani ya boksi moja, na tofauti hii ishike vizuri kwa sababu ndo karibu faida yote ya hidrojeni imekaa hapo.

Fyueli seli za aina hii pia zinachagua sana chakula. Hidrojeni ya magari inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.97, na kaboni monoksaidi hata kidogo sana inakaa juu ya platinamu na kuzuia kazi.

Hesabu ya volti

Kuitoa hidrojeni kilo moja kwenye maji kunadai kama ampia-saa 26,600 (ampia zinazopita kwenye waya mara saa zinazopita). Hiyo haina ujanja, ni idadi ya elektroni tu, na fyueli seli ikiirudisha kilo hiyo kuwa maji inakupa ampia-saa zile zile, mradi gesi haijavuja. Kwa hiyo hasara haiko kwenye ampia. Iko kwenye volti.

Kwenye karatasi ni volti 1.23 kwenda na 1.23 kurudi. Lakini mtambo halisi wa kupasua maji unataka kama 1.8 hadi 2 ndo ufanye kazi kwa kasi yenye maana, na wakati wa kurudi umeona, unapata 0.7. Sasa zidisha mwenyewe. Kwenda: 26,600 mara 1.9 ni wati-saa kama 50,000, gawanya kwa 1,000 ni kama yuniti 50 za umeme (yuniti ile ile ya LUKU au ya tokeni, kilowati moja kwa saa moja). Kurudi: 26,600 mara 0.7 ni yuniti 18 na kitu. Ongeza umeme wa kompresa ya kuishindilia gesi mpaka presha ya baa 700, pampu na upoozaji, unafika kama yuniti 55 zimeingia ili 18 zitoke. Theluthi moja.

Hata kwenye glasi yako hiyo imejionyesha, uliingiza volti 9 ukatoa moja na kitu. Penseli ni mfano uliokithiri, ila chanzo kikubwa cha hasara kipo hata kwenye mitambo mizuri, nacho ni oksijeni. Hidrojeni inapasuka kirahisi, lakini oksijeni ni nzito kubadilika, kuitengeneza kutoka kwenye maji inadai volti za ziada na kuirudisha kuwa maji inakula volti nyingine, na wakemia wamepambana nayo miaka mingi bila kuimaliza kabisa.

Betri ya lithiamu imelikwepa tatizo hilo. Ndani yake hakuna maji ya kupasua wala gesi ya kutengeneza, ioni za lithiamu (chembe za lithiamu zenye chaji) zinahama tu kutoka kwenye matabaka ya upande mmoja kwenda kuingia kwenye matabaka ya upande mwingine, ukichaji zinaenda, ukitumia zinarudi. Sony ndo waliiingiza sokoni mwaka 1991, na John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyoiwezesha. Seli ya lithiamu chuma fosfeti, ile ya LFP wanayofunga mafundi wengi wa sola siku hizi, inachajiwa kwa kama volti 3.4 na inatoa kama 3.2. Gawanya, ni asilimia 94. Ukitoa na hasara za chaja na inveta unabaki na 85 hadi 90.

Kama nyumbani una betri ya LFP ya volti 12, hili pia unalipima leo. Mchana ikiwa inapokea sola pima kwenye temino zake, utakuta kama 13.5 hivi, usiku ikiwa na mzigo wa kawaida pima tena, utakuta kama 13. Ule upungufu mdogo ndo hasara ya betri yako kwenda na kurudi (usipime ikiwa imejaa kabisa au imekaribia kuisha, hapo volti zinaruka na zitakudanganya).

Sasa kwa nini mtu atumie hidrojeni?

Kwa sababu ya uzito na kwa sababu ya muda, na kwenye hayo mawili hidrojeni ina nguvu za kweli. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati ya yuniti 33. Kilo moja ya betri ya gari, ukipima pakiti nzima, ina kama 0.15 hadi 0.2. Bila shaka hidrojeni inahitaji tangi zito la nyuzi za kaboni, tangi lenyewe ndo karibu uzito wote na gesi ni kama asilimia 6 tu, lakini bado inashinda. Mirai inabeba kilo 5.6 za hidrojeni na kwa vipimo vya Marekani inaenda kama kilomita 650. Ukitaka betri ikupe umeme ule ule kwenye mota, unazungumzia yuniti kama 100, manake kilo 500 hadi 670 za betri.

Angani ndo mfano unaonigusa zaidi. Chombo cha Gemini 5 mwaka 1965 ndo kilikuwa cha kwanza kubeba watu kikitumia fyueli seli, kwa sababu safari ilikuwa ya siku nane na betri za wakati ule zingekuwa nzito kupita kiasi. Baadaye kwenye Apollo, fyueli seli ziliwapa wanaanga umeme na maji yaliyotoka humo wakayanywa. Tangi la oksijeni lilipolipuka kwenye Apollo 13 mwezi wa nne 1970, kilichowaweka hatarini kwa haraka ni kwamba fyueli seli zilikosa oksijeni, na bila oksijeni umeme na maji vyote vikakata pamoja.

Muda ni jambo la pili. Kaskazini mwa Ulaya sola inajaa kiangazi na inakauka majira ya baridi, kwa hiyo mtu anataka kuweka nishati ya mwezi wa saba aitumie mwezi wa kwanza, na betri za kukaa miezi sita zikisubiri zamu moja kwa mwaka hazilipi hata kidogo. Hidrojeni kwenye mapango ya chumvi chini ya ardhi inaweza kusubiri. Lakini sisi wa karibu na ikweta, Mombasa, Dar, Kisumu, Bujumbura, jua letu halitofautiani hivyo, msimu wa mvua linapungua ila halipotei, tunachohitaji ni kuvusha usiku mmoja na pengine siku mbili za mawingu. Kuvusha usiku ni kazi ya betri. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa nchi zenye baridi kwa matatizo yao, nasi tunauchukua mzima mzima.

Piga hesabu ya kwako

Anza na yuniti unazozihitaji mwishoni. Tuseme boda ya umeme inayotumia yuniti 4 kwa siku. Kwa betri unagawanya kwa 0.9, unahitaji yuniti 4.4 kutoka kwenye sola au gridi. Kwa hidrojeni unagawanya kwa 0.33, unahitaji 12. Paneli karibu mara tatu kwa safari ile ile! Na ile sifa ya kujaza haraka, boda wameshaipata kwa njia nyingine, Kigali na Nairobi dereva anafika kituoni anabadilishiwa betri kwa dakika chache anaondoka. Kwa boda, bajaji, gari la mjini na nyumba, betri imeshinda, mi sioni mjadala hapo.

Basi la mkoani au lori la kutoka bandarini kwenda Lubumbashi ni swali gumu zaidi, uzito wa betri unakula nafasi ya mzigo na kusimama kuchaji ni hela. Hapo usiangalie yuniti peke yake, uliza kama kuna kituo cha hidrojeni njiani, manake huko kwenye vituo ndo mipango mingi inakwama hata kwa wenye hela. Mwaka 2024 Shell walifunga vituo vyao vya hidrojeni vya magari madogo California. Ujerumani, jimbo la Lower Saxony liliweka treni 14 za hidrojeni kwenye njia moja mwaka 2022, alafu mwaka uliofuata likasema treni zinazokuja zitakuwa za betri kwa sababu gharama za kuziendesha ni ndogo.

Lingine usilolisahau kwenye hesabu ni hidrojeni imetoka wapi. Nyingi duniani leo inatengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, na ile ya gesi asilia inatoa kama kilo 9 au 10 za kaboni dayoksaidi kwa kila kilo ya hidrojeni. Betri nazo zina deni lao, kobalti (madini yanayowekwa kwenye aina nyingi za betri za lithiamu) nyingi ya dunia inatoka Kongo, Kolwezi na maeneo yake, na wanaozungumza Kiswahili kule wanajua gharama yake kwa wachimbaji wadogo. LFP haina kobalti kabisa, ni sababu nyingine ya kuichagua. Platinamu ya fyueli seli kwa sehemu kubwa inatoka Afrika Kusini.

Kwetu mi naona hidrojeni ina kazi moja kubwa na ya heshima, nayo ni mbolea. Mbolea ya naitrojeni inaanzia kwenye amonia, amonia inahitaji hidrojeni kama malighafi, na betri haiwezi kukupa malighafi hata iwe nzuri vipi. Kenya ilipozindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwaka 2023 iliweka mbolea mbele, na ukizingatia mvuke wa chini ya ardhi wa Olkaria unaozalisha umeme usiku na mchana, ni mpango wenye akili. Hapo hutafuti kurudisha umeme, kwa hiyo ile hasara ya 0.7 haikuhusu.

Usalama, na matapeli

Hidrojeni inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche ndogo mno inatosha, na mwali wake mchana karibu hauonekani. Nafuu yake ni wepesi, ikipata uwazi inapaa na kutawanyika haraka, hatari ni ikinaswa chini ya dari. Na hili linawahusu hata wasiowahi kuona fyueli seli, kwa sababu betri za asidi, zile za kuongeza maji, zikichajiwa mpaka kujaa zinapasua maji na kutoa hidrojeni ile ile ya kwenye glasi. Usiziweke chumbani unapolala, usizifungie kwenye kabati, na usiwashe kiberiti kuchungulia kama maji yamepungua. Lithiamu haitoi gesi ikichajiwa kawaida, ila ikitobolewa au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kuwaka vibaya sana, iliyovimba usiitumie tena.

Wapo pia wanaouza vifaa vya kufunga kwenye gari eti lichome maji lipunguze petroli. Fuata nishati uone. Injini inageuza kama robo tu ya petroli kuwa mzunguko, altaneta inachukua hapo inarudisha kama asilimia 60, kupasua maji kunapoteza theluthi nyingine, kwa hiyo gesi inayorudi kwenye injini ina kama sehemu ya kumi ya petroli uliyoichoma kuitengeneza. Usitoe hela yako.

Na siku ukiletewa mtambo halisi wa fyueli seli, kwa mnara wa simu, zahanati au hoteli, muulize muuzaji kilo moja ya hidrojeni itafika mlangoni kwako kwa bei gani, iliyo safi, na usafiri ukiwemo. Gawanya bei hiyo kwa 18, ndo bei ya yuniti moja ya umeme kabla hujalipia mtambo wenyewe. Iweke pembeni ya bei ya yuniti unayolipa sasa, na ya dizeli kama uko nje ya gridi, alafu ndo uanze kuongea naye.